Picha Saba za Fimbo ya Mama Goreti

Mnaniuliza kwa nini studio ilifungwa siku tisa, tena msimu wa harusi, na kwa nini nimerudi na miguu imevimba lakini nacheka. Wengine mmenisimamisha sokoni hapa mtaani Jabe, wengine mmenipigia simu, na Mama Saidi wa duka la vitambaa ameniuliza mara nne. Basi nimekaa chini niwaeleze wote kwa pamoja, taratibu, kwa sababu jambo hili ukilisikia nusu unalielewa kinyume. Hivyo ndivyo lilivyoharibika tangu mwanzo, na aliyeliharibu ni mimi.

Picha yenyewe

Mnajua kwamba mbali na harusi na picha za kitambulisho, mara nyingine gazeti moja la mtandaoni hunituma nikapige picha penye ugomvi. Miezi michache iliyopita lilinituma kwenye mlima mmoja juu ya Rumonge. Walio mbali wajue kwamba kwetu Burundi, nje ya mji, mlima ndio kijiji. Mdai, Leonidas, alizaliwa kambini upande wa Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Aliporudi alikuta michikichi ya baba yake inavunwa na mtu mwingine, Pontien. Pontien naye si mwizi. Alipewa shamba lile akiwa kijana, akalitunza mpaka akaota mvi. Huo ndio ugumu wa kesi za watu waliorudi: wote wawili wana haki, na ardhi ni moja.

Kesi ilikuwa mikononi mwa Mama Goreti. Yeye ni mushingantahe, mmoja wa wasuluhishi wanaoapishwa mbele ya watu wa mlima ili wawaamulie, na ni mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo pale. Kila mushingantahe ana fimbo yake, intahe. Akitaka kusema huiinua, huipiga chini, ndipo husema. Pale mlimani kuna sharti moja ambalo mimi, mtoto wa mjini, sikulijua: ukiinua fimbo juu ya kichwa cha mtu aliyekaa mbele yako, umeipoteza. Umemtishia mtu unayemhukumu, kwa hiyo huwezi tena kumhukumu.

Siku ile nilipiga picha saba mfululizo, kutoka mbali, kwa lenzi ndefu. Nisimame hapa kidogo niwaeleze lenzi ndefu. Wengi mnadhani inavivuta vitu vije karibu na mpiga picha tu. Inafanya zaidi ya hapo: inavibana vitu vyenyewe kwa vyenyewe, kama nguo zilizoshindiliwa ndani ya sanduku. Mama Goreti alikuwa amesimama nyuma ya pipa kubwa la mawese. Leonidas alikuwa amekaa chini mbele ya pipa, mbali naye, akimpa mgongo na kumtazama Pontien. Kwenye picha walionekana kama wamegusana. Halafu lile pipa lilikuwa na kutu na maandishi ya rangi ya njano, likanichukiza. Nikakata kushoto, nikakata kulia, nikakata chini, mpaka pipa likabaki kivuli tu nyuma ya kichwa cha mtu. Nikachagua picha ya kwanza kati ya saba, ile ambayo fimbo iko juu kabisa, kwa sababu ilikuwa nzuri. Nikaituma.

Mnaikumbuka. Mwanamke ameinua fimbo, mwanaume ameinamisha kichwa chini yake.

Baada ya wiki chache Mama Goreti alinipigia simu.

"Zuhura, picha yako imenivua nguo," alisema. "Pontien ameipeleka kwa baraza. Leonidas amekimbia mlima, watu wanamuita mutu wa fimbo. Jumamosi baraza linakaa. Kama Leonidas hayuko hapo kusema sikumuinulia fimbo, wananinyanganya."

"Na kesi yake?"

"Inakufa na fimbo yangu. Pontien anabakia na michikichi."

"Mama, mi nakuja."

"We utakuja kufanya nini? Mulete yeye."

Nilimwandikia mhariri aiondoe picha. Akanijibu kwamba imependwa sana, na kwamba picha haisahihishwi. Nikamjibu kwamba tutaona. Nikazichapa zote saba, nzima, bila kukata hata ukucha, nikazitia ndani ya bahasha, nikafunga studio. Ilikuwa Jumanne.

Jabe hadi Buterere

Leonidas alikuwa amejificha Buterere, pembezoni mwa mji, kwa binamu yake. Siku hizi mafuta ya gari ni shida, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu, nikipita kandokando ya mashamba ya mpunga ambayo siku ile hungejua mpunga unaishia wapi na nyumba zinaanzia wapi. Maji yalikuwa kila mahali. Niliuliza nyumba mara sita. Kila mtu alininyoshea kidole kule kule, na kila mtu aliniambia "hapo tu". Hapo tu ya Buterere wakati wa maji ni mwendo wa saa nzima.

Nilimkuta anapanga matofali chini ya miguu ya kitanda ili godoro lisilowe. Mkewe, Anesi, alikuwa amekaa juu ya kitanda hicho hicho, sufuria mapajani, anachagua maharage. Leonidas alinitambua kwa begi la kamera.

"Dada mpiga picha," alisema kwa Kiswahili chake laini cha Kigoma, bila kuacha kazi. "Umekuja kunipiga nyingine? Hapa maji yananifika magotini, itapendeza sana."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliitazama miguu yangu. Nilikuwa nimesimama kizingitini, juu ya jiwe, na viatu vyangu.

"Basi vua viatu uingie," alisema. "Msamaha wa mtu aliyesimama pakavu mimi siupokei."

Nikavua. Nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi na yalinuka. Tuliinua upande wa pili wa kitanda pamoja, Anesi akiwa juu yake na maharage yake, hakushuka. Nilipomaliza kuomba msamaha nilimweleza habari ya Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Picha ni yako," alisema. "Nenda wewe ukaseme."

"Wamesema anayetakiwa ni wewe. Usipokuwepo watahesabu kwamba umekubali."

"Dada, unajua walivyonifanya pale? Nikienda kuchota maji watu wazima wanajikinga vichwa kwa mikono, halafu wanacheka. Nimezaliwa ukimbizini, nikaitwa mkimbizi. Nimerudi kwetu, nikaitwa mrudi. Sasa naitwa mtu wa fimbo. Nimechoka kupewa majina."

Anesi aliacha kuchagua maharage.

"Baba watoto," alisema, "mimi sikuvuka mpaka na watoto mgongoni nije kulala na vyura. Wacha wacheke. Michikichi haicheki."

Leonidas alisukuma tofali la mwisho mahali pake. Kisha akasema: "Nitakwenda. Lakini kusema, sisemi. Atakayeniona ataniona."

Nilikubali. Nilijiambia kwamba mtu aliyekubali kwenda ameshafanya nusu ya kazi, na nusu nyingine ni picha zangu saba. Hapo nilikosea, lakini mtaona.

Mutakura, siku mbili bila kusogea

Hassani ni fundi wa magari wa mtaa wa Mutakura. Wengi mnamjua, ndiye aliyepeleka bibi harusi wa mwezi uliopita kwa pikapu lililofunikwa maua ili kutu isionekane. Aliniahidi kutupeleka Rumonge.

"Tunatoka Jumatano saa kumi na mbili asubuhi," aliniambia. "Kabisa!"

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya mafuta. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ile ile, tumesogea urefu wa magari matatu, na hayo matatu yalisogea kwa sababu wenyewe walikata tamaa wakasukuma kurudi nyumbani.

"We Hassani, hii ndiyo kabisa yako?"

"Apana, Zuhura, usinilaumu mi. Laumu pompu. Mi niko tayari, gari iko tayari, ni mafuta njo hayako tayari."

Foleni ya siku mbili inakuwa mtaa. Mama mmoja wa kahawa alihamia na jiko lake. Watu walijua nani anakoroma na nani ana shemeji mkorofi. Tulikula maharage na mikate, tukala tena maharage na mikate. Leonidas alikaa nyuma ya pikapu, kofia imeshuka machoni, hakusema na mtu.

Alhamisi mchana dereva wa gari la mbele yetu, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kufurahisha, alitoa simu yake ili atuchekeshe. Nilijua kabla hata hajaigeuza.

"Mumeona hii? Hawa wanawake wa milimani sasa ni balaa. Angalieni uyu mwanaume alivyolegea! Ingekuwa ni mi, ningemunyanganya ile fimbo nikamuchapia yeye."

Watu walicheka. Mama wa kahawa naye alicheka. Nilifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilitoka nyuma ya pikapu.

"Alikuwa mbali naye," alisema Leonidas.

"Nani?"

"Huyo mama. Alikuwa nyuma ya pipa. Hatua nne."

"We ulikuwako?"

"Nilikuwepo."

"Wapi hapo? Mi naona watu wawili tu."

Leonidas aliivua kofia.

"Mimi ndiye kichwa," alisema.

Yule bwana aliitazama simu, akamtazama Leonidas, akaitazama simu tena. Kisha akaizima, akaiweka mfukoni, akamwambia mama wa kahawa: "Mupe uyu ndugu kahawa. Na andazi. Mawili." Hakuomba radhi kwa maneno, ila kila nusu saa alikuja kuuliza kama andazi lilikuwa zuri.

Hapo nilikiri kosa langu lote mbele ya foleni. Nikatoa bahasha, nikawaonyesha pipa. Nikamshukuru Mungu kwamba mafuta hayakuwepo, maana watu wenye haraka hawaelezeki.

Tangu siku hiyo Hassani hakumwita tena Leonidas. Alimwita Kichwa. Ajabu ni kwamba jina hilo halikumuudhi.

Njia ya ziwa

Tulipata mafuta Ijumaa alfajiri. Hassani alipiga magoti akabusu tanki.

Njia ya kwenda Rumonge inafuata ziwa Tanganyika mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto, na siku hizi vyote viwili vinaigombania. Kuna sehemu ziwa limekula nusu ya barabara na sehemu mlima umeshuka kuifunika nusu nyingine. Tulishuka mara tatu kusukuma. Tulipofika Magara tulikula mukeke wa kuchoma kwa ndizi za kukaanga, samaki ametoka majini asubuhi hiyo hiyo, ngozi imepasuka kwa moto. Hassani alimsogezea Leonidas kichwa cha samaki.

"Kichwa, kula kichwa."

"Nisipokula?"

"Nitasema ulimuogopa."

Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Leonidas akicheka tangu siku ya picha ya sita. Ndiyo, kwenye picha ya sita anacheka, na Pontien anacheka, kwa sababu Mama Goreti alikuwa amesema jambo la mzaha juu ya baba zao wawili. Mtaiona.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi, kamba imefungwa kati ya miti miwili. Mkubwa wa pale aliona begi la kamera, akataka kuona bahasha. Alizipitia picha moja moja.

"Hizi zinatafuta nini?"

"Zinatafuta kumtoa mtu aibu."

"Umetumwa na nani?"

"Hakuna aliyenituma. Ni kosa langu, ninalirudisha lilikotoka."

Jibu hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Mtu anayesema hakutumwa, alisema, ndiye wa kuogopwa. Akachagua picha ya tatu, akasema hiyo itabaki kwake kwa uchunguzi, nyingine niende nazo.

"Apana," nilisema.

Hassani alinikanyaga mguu. Nikauondoa mguu.

"Mkubwa, ni saba. Ukichukua moja, mtu atauliza ile iliyokosekana ilikuwa na nini. Tayari niliwahi kuondoa kitu, na ndiyo sababu unaniona hapa. Zikae zote kwako au niende nazo zote."

"Basi zikae zote, na wewe ukae nazo."

Nikakaa. Nilikaa kwenye gogo kando ya meza yake, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, nikaanza kumweleza. Lenzi ndefu. Pipa. Intahe. Aliponiambia ninyamaze nilinyamaza, na aliponiuliza swali moja nilianza tena mwanzo. Mnanijua. Jua lilipoanza kuelekea ziwani alisimama akashika kichwa.

"Pita! Chukua picha zako, pita! Umenifundisha mpaka nimeumwa."

Kisha, tulipokuwa tunawasha gari, alikuja dirishani. "Uyo mama," aliuliza polepole, "pipa lilikuwa limejaa ao tupu?"

"Limejaa."

"Eeh. Basi asingeweza kulisukuma." Akafungua kamba.

Kupanda

Pikapu liliishia pale barabara ya udongo ilipoishia. Hassani alibaki kulilinda, sisi tukapanda kwa miguu kati ya michikichi. Kadiri tulivyokaribia ndivyo Leonidas alivyopunguza mwendo. Mwanaume mmoja aliyekuwa anashusha mkungu wa chikichi alituona, akajikinga kichwa kwa mkono, akacheka. Leonidas alisimama. Nilidhani atageuka. Alivuta pumzi, akasema kwa Kirundi, kwa adabu kabisa, "Amahoro, muvyeyi," yaani amani kwako, mzazi, akaendelea kupanda.

Mama Goreti tulimkuta uani anapukuchua chikichi. Huuza mawese Rumonge mjini, ndiyo maana Kiswahili chake kinakwenda kama maji. Alimsalimia Leonidas kwa kumshika mikono yote miwili. Mimi alinisalimia kwa kunisukumia kikapu.

"We kaa hapo, pukuchua. Kidole kikitoka damu, endelea."

Vilitoka viwili. Niliendelea. Baadaye alileta maharage yaliyoungwa kwa mawese mapya, mekundu, na muhogo wa kuchemsha, nikala kama niliyefunga. Kisha ikaja pombe ya ndizi kwenye chungu, na mirija. Jirani yake alinielekezea mrija, na nilipokataa uso wake ulibadilika. Pale mgeni akikataa kunywa na wenyeji inamaanisha hajaja kwa amani, na mimi ndiye wa mwisho aliyepaswa kueleweka hivyo.

"Uyu ni Muislamu, Jabe wote wako hivyo," alisema Mama Goreti. Akaingia ndani, akatoka na Fanta, akatia mrija ndani yake, akaisogeza mpaka ikagusana na chungu. "Kunyweni sasa."

Tukanywa, kila mtu chake, vichwa vimekaribiana.

Nilimpa bahasha. Alizitazama picha saba kwa zamu.

"Nimenenepa hivi?"

"Ni lenzi, mama."

"Uongo mwingine wa lenzi." Akazirudisha. "Watazikataa."

"Kwa nini? Pipa linaonekana wazi!"

"Kwa sababu ni picha, mutoto wangu."

Jumamosi

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa kinu cha mawese, mahali pale pale pa kesi. Nyuso nyingi, na wasuluhishi sita wenye fimbo zao wamekaa kwenye benchi. Mkubwa wao, Deo, ni mtu mkavu anayesema kila neno mara moja tu. Pontien alisimama, akainua simu, akaonyesha picha yangu. Hakuongeza chumvi. "Mumeiona," alisema, akakaa.

Nilisimama na bahasha. Deo aliinua mkono kabla sijafika katikati.

"Hizo ni nini?"

"Ni picha saba, nzima. Ile moja niliikata mimi."

"Picha ya kwanza ilisema uongo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ndiye uliyeipiga?"

"Ndiyo."

"Na hizi ni nani amezipiga?"

Niliona shimo, na nilikuwa nimeshaingia. "Mimi," nilisema.

"Picha zimetosha kwenye mlima huu. Toka."

Ndugu zangu, sikutoka. Nilisema kosa ni langu, na kama kuna kitu cha kunyang'anywa, kamera yangu ndiyo hii, waichukue. Deo alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Alisema kamera si yao, fimbo ndiyo yao. Nikasema basi nitakaa, na anayetaka kunitoa aje anibebe. Wanawake waliokuwa upande wa kinu walipiga vigelegele, mmoja akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Lakini bahasha ilikuwa mapajani mwangu, imefungwa, na haikuwa na kazi tena.

"Goreti," alisema Deo. "Lete fimbo."

Mama Goreti alisimama. Hakwenda.

"Fimbo hii nilipewa mbele ya watu wote," alisema. "Sikupewa na simu, nilipewa na watu. Anayeitaka aje aichukue mkononi mwangu, aniangalie macho, aseme kwamba aliniona. Siiweki chini."

Hakuna aliyekwenda. Deo akauliza kama ilivyo desturi, mara tatu: aliyekaa chini ya fimbo yupo?

Mara ya kwanza Leonidas alitazama ardhi. Mara ya pili mtu fulani nyuma alijikinga kichwa, na vicheko vikapita. Nilimtazama Leonidas mpaka macho yakaniuma. Nilikuwa nimeahidi kutomlazimisha kusema.

Mara ya tatu aliinuka. Hakusema neno. Alitembea mpaka mbele ya pipa, lile lile, la kutu, lenye maandishi ya njano, akakaa chini, akanyosha miguu. Kisha akamtazama Pontien akangoja.

Pontien alisita. Halafu akaja akakaa mbele yake, karibu sana.

"Apana!" alipaza sauti mama mmoja. "We Pontien, ulikuwa nyuma, karibu na kinu!"

"Rudi nyuma!" alisema mwingine. "Mi nilikuwa nimekaa hapa, ulinizibia!"

"Na Goreti hakuwa hapo, alikuwa upande wa kule wa pipa!"

Ghafla uwanja mzima ulikuwa unashuhudia. Walimsogeza Pontien, wakagombana kuhusu mguu wake wa kushoto, wakamrudisha Mama Goreti nyuma ya pipa, wakamrudisha tena hatua moja. Mtu aliyekuwa amejikinga kichwa ndiye aliyebishana zaidi kwamba Goreti alikuwa mbali zaidi ya hapo. Walipotosheka, Deo mwenyewe aliinuka, akamwambia Mama Goreti: "Inua."

Mama Goreti aliinua fimbo. Akainama juu ya pipa, akajinyosha kwa nguvu zake zote, na ncha ya fimbo ikaishia hewani, mbali na kichwa cha Leonidas. Leonidas, bila kugeuka, alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Nangoja hukumu yangu. Kesi haijaisha."

Pontien alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. "Kweli alikuwa huko," alisema. "Nilijua."

Deo alirudi kwenye benchi. "Endelea, Goreti."

Niliishika kamera. Deo aliiona, akafungua mdomo, lakini Mama Goreti alimtangulia.

"Piga," aliniambia. "Na pipa lionekane."

Akapiga fimbo chini.

Aliamua kwamba mistari ya michikichi kutoka kijito mpaka njia ni ya Leonidas, ya juu ni ya Pontien, na matunda yaliyoiva sasa Pontien ayavune yote kwa kuwa ndiye aliyeyapalilia. Leonidas alipata kidogo kuliko alichodai. Alinong'ona hivyo mwenyewe. Kisha akaenda kuihesabu miti yake, akiigusa mmoja mmoja.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku nne, kwa sababu Rumonge mafuta yalikuwa hakuna kabisa, na sehemu kubwa tulitembea, Hassani akilalamika juu ya gari alilolazimika kuliacha kwa binamu wa shemeji yake. Anesi na watoto wamekwishahama Buterere, wako mlimani na Leonidas.

Mhariri amesema habari hiyo imepita na hataitoa tena. Nimemwambia mimi nimepita pia, asinitumie kazi nyingine mpaka aiondoe ile ya kwanza.

Sasa nyinyi. Ile picha iliyokatwa iko kwenye simu zenu. Najua, kwa kuwa wengi wenu niliwatumia mwenyewe, nikijisifu. Sitawaomba muifute, maana kuifuta hakumfikii mliyemtumia. Njooni studio, nitawapa zote saba, na ile ya nane, ya Jumamosi. Mtumieni kila mtu mliyemtumia ya kwanza, na chini yake mwandike: Huyu ni Goreti, mushingantahe, fimbo anayo mpaka leo. Mkishindwa kuandika nitawaandikia.

Studio iko wazi. Picha hizo nimezitundika mbele ya kiti cha picha za kitambulisho. Kila anayekuja atazitazama kwanza, zote, mpaka aone pipa. Asiyetaka, wapiga picha mjini hapa ni wengi.